Hakuna Watu Wanane Ndani ya Herufi Hii



Wengi wenu mnaikumbuka ile picha niliyoiweka hapa miaka michache iliyopita. Ilikuwa herufi moja ya Kichina, 船, imeandikwa kwa wino mweusi, na mishale mitatu myekundu ikiielekea. Mshale wa kwanza ulisema "chombo". Wa pili ulisema "nane". Wa tatu ulisema "midomo". Chini yake niliandika kwamba Wachina wa kale waliandika neno la merikebu kwa kuchora chombo chenye watu wanane, kwa sababu mababu zao waliikumbuka safina ya Nuhu.

Mliipenda sana. Amina zilijaa. Mliisambaza kwenye magrupu ya familia, ya chama, ya wazazi wa shule. Jumapili iliyofuata niliihubiri madhabahuni, na kanisa lote likasimama.

Leo nimeifuta. Naandika haya kwa sababu kuifuta kimya kimya hakutoshi. Nilichowafundisha hakikuwa kweli, na nilikifundisha nikiwa nimeshika Biblia mkononi. Nimeomba toba mbele za Mungu. Sasa naomba radhi mbele yenu.

Niwaeleze ilivyotokea.

Tuna kijana mmoja hapa kanisani aliyesomea Kichina. Anafanya kazi ya ukalimani kwenye mjengo wa barabara. Amenipa ruhusa nisimulie, mradi nisimtaje jina. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akimwombea msimamizi wake, mzee wa Kichina anayekaribia miaka sitini, mtu mpole, asiye na neno baya na dini ya mtu. Siku moja saa ya chakula cha mchana, wakiwa wamekaa kwenye kibanda cha mabati, kijana akaona mlango umefunguka. Akatoa simu, akamwonyesha ile picha yangu.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Akatabasamu. Akaomba kalamu, akageuza risiti ya saruji, na nyuma yake akaandika herufi nyingine: 铅. Akauliza, "Hii ni nini?" Kijana akajibu kwamba ni risasi, yale madini mazito. Mzee akagusa upande wa kulia wa herufi kwa kidole. "Ule upande ni uleule. Kwa hiyo kuna watu wanane ndani ya risasi?" Akaandika nyingine: 沿. Hiyo maana yake ni kufuata kandokando, kama mtu anayefuata ukingo wa mto. "Na hapa je? Watu wanane wanafuata mto?"

Kisha akasema neno ambalo kijana alinirudishia kama lilivyo, na mimi sijalisahau hadi leo. "Mwalimu wako wa dini hasemi kweli kuhusu mashua, na mashua ninaijua. Nitamwaminije kuhusu mbinguni, ambako sikujui?"

Kijana alipokuja kunieleza, jambo la kwanza nililofanya ni kujitetea. Nilimwambia kwamba adui hupofusha macho ya watu wasione. Alininyamazia, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Pasta, mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka tangu siku ya kwanza. Nilisoma hizo herufi. Lakini ulikuwa umesema wewe."

Ulikuwa umesema wewe. Ndugu zangu, hapo nilikosa usingizi. Kijana alijua ukweli, akaufungia kabatini kwa sababu ya heshima yake kwangu, akaenda kushuhudia kwa kitu ambacho moyo wake ulikuwa unakikataa. Mimi ndiye niliyemweka hapo.

Kwa hiyo nilimwomba anifundishe. Niliketi kama mwanafunzi, yeye akawa mwalimu. Niwagawie nilichojifunza, maana mkielewa hili hamtadanganyika tena na picha za namna ile.

Herufi 船 inatamkwa "chuan". Maana yake ni chombo cha majini, kikubwa au kidogo. Upande wa kushoto ni alama 舟, nayo ni mchoro wa mashua kweli. Hapo picha yangu haikukosea. Upande wa kulia ndipo penye tatizo. Mimi niliwaambia ni "nane" juu ya "mdomo". Ni kweli alama 八 ni nane. Ni kweli alama 口 ni mdomo, na ni kweli pia Wachina huhesabu watu wa nyumba moja kwa midomo. Hata neno lao la idadi ya watu, 人口, limeundwa kwa "mtu" na "mdomo". Ndiyo maana hadithi ile inavutia. Imechukua vipande viwili vya kweli, ikavishona kwa uzi ambao si wa kweli.

Ule upande wa kulia hauko pale kutoa maana. Uko pale kutoa sauti.

Hapa naomba mnisikilize taratibu. Tuseme sisi Waswahili hatuna a-e-i-o-u, tunaandika kwa kuchora tu. Nataka kuandika "paa", paa la nyumba. Nikichora mteremko peke yake, utasema ni kilima. Basi naazima. Namchora paa, yule mnyama wa porini, kwa sababu jina lake lina sauti ileile. Kando yake nachora nyumba ndogo ili msomaji ajue ninazungumzia paa la nyumba, simzungumzii mnyama. Nyumba inatoa maana, mnyama anatoa sauti. Mambo yamekwisha.

Sasa baada ya miaka elfu mbili anakuja mgeni asiyejua Kiswahili. Anaitazama herufi yangu, anaona nyumba na mnyama, anapiga kelele: "Ajabu! Waswahili wa kale walifuga swala juu ya nyumba zao!" Utacheka. Ndivyo yule mzee wa mjengo alivyotabasamu aliponisoma mimi.

Herufi nyingi mno za Kichina, zaidi ya nne kwa kila tano, zimetengenezwa hivyo: kipande kimoja cha maana, kipande kimoja cha sauti. Neno lao la "mama" ni 妈, linatamkwa "ma". Kushoto ni mwanamke. Kulia ni farasi, 马, anayetamkwa pia "ma" kwa lahani nyingine. Tukifuata njia ya picha yangu, itabidi tuseme Mchina humwona mama yake kuwa mwanamke farasi. Hakuna Mchina anayesema hivyo. Farasi yuko pale kwa ajili ya sauti ya jina lake tu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa chuan. Kile kipande cha kulia kipo katika 船, kipo katika 铅 ambayo ni "qian", na kipo katika 沿 ambayo ni "yan". Chuan, qian, yan. Sikia mlio wake. Mashua, madini, na kufuata mto havina uhusiano wowote isipokuwa sauti. Tena ukitazama maandishi ya leo kwa makini, kile cha juu hakifanani hata na nane, ambayo mistari yake miwili imeachana. Kimeungana juu kama meza ndogo.

Je, haya yamebuniwa na watu wa siku hizi wasiompenda Mungu? Hapana. Kulikuwa na msomi wa Kichina aliyeitwa Xu Shen. Mwaka 100 baada ya Kristo alimaliza kamusi iliyoeleza herufi 9,353, moja baada ya nyingine. Kuhusu 船 alieleza kwamba maana yake inatoka kwa mashua na sauti yake inatoka kwa ile herufi ya risasi, ikiwa imefupishwa. Mtu huyo hakuwa na ugomvi na Biblia. Hakuwahi kuiona. Alikuwa anaeleza lugha yake tu.

Tena herufi hii si ya zamani hivyo. Maandishi ya kale zaidi ya Kichina tuliyonayo yalichongwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo, na yalianza kutambuliwa na wasomi mwaka 1899. Humo mashua imo, lakini ni ile 舟 ya mchoro, iliyo rahisi. 船 ilikuja baadaye. Kama kumbukumbu ya Nuhu ingekuwa imehifadhiwa ndani ya herufi, tungetarajia iwe katika ile ya kwanza, isiwe katika ile iliyokuja nyuma.

Na hili ndilo lililonimaliza. Biblia ya Kichina haiiti safina ya Nuhu kwa herufi hii! Tafsiri inayotumika sana makanisani kwao, ile iliyokamilika mwaka 1919, inaiita 方舟, yaani mashua ya pembe nne. Waliotafsiri walitafuta neno la Kichina la kuita safina, na neno walilolichukua si lile nililowaambia nyinyi kwamba limetengenezwa kwa ajili ya safina.

Mtaniuliza, ilitoka wapi basi? Hadithi za namna hii zimezunguka muda mrefu, na kitabu kilichozieneza sana kilitoka Marekani mwaka 1979, kimeandikwa na mchungaji Mchina C. H. Kang pamoja na daktari Mmarekani Ethel Nelson. Siwahukumu. Naamini walimpenda Bwana. Lakini kumpenda Bwana hakumfanyi mtu awe sahihi katika kila jambo, na mimi ni ushahidi wa hilo.

Sasa najua mtakayosema, kwa sababu mengine nimeshaambiwa na wazee wa kanisa.

La kwanza: "Pasta, unakana gharika?" Hasha. Naamini Mwanzo 7 kama nilivyoiamini jana. Naamini Nuhu, mkewe, wanawe watatu na wake zao waliingia safinani. Hesabu yake ni nane, na Petro anaitaja hesabu hiyohiyo katika 1 Petro 3:20. Niliamini kabla sijaona herufi yoyote ya Kichina. Ninachokana ni kwamba Neno la Mungu linahitaji fito za uongo za kulishikilia lisianguke. Ukiona mtu anaegemeza ukuta wa mawe kwa kijiti, jiulize kama kweli anaamini ule ukuta ni wa mawe.

La pili: "Lakini Paulo kule Athene alitumia madhabahu ya wapagani." Ndiyo, Matendo 17. Lakini soma vizuri. Ile madhabahu ilikuwepo kweli, na yale maandishi yalikuwa juu yake kweli. Mwathene yeyote angeweza kutembea hatua chache akahakikisha. Paulo hakuwaeleza Wagiriki maana ya Kigiriki ambayo wao wenyewe hawakuijua. Mimi nilimweleza Mchina maana ya Kichina, na sijui hata kuagiza chai kwa Kichina.

La tatu ni zito zaidi. Mzee mmoja alinionyesha Wafilipi 1:18, ambapo Paulo anafurahi kwamba Kristo anahubiriwa, iwe kwa hila au kwa kweli. Akaniuliza, "Sasa ubaya uko wapi, kama jina la Yesu lilitajwa?" Mtumishi wa Mungu, nimelitafakari swali hilo. Pale Paulo anazungumza juu ya nia za wahubiri. Wengine walihubiri kwa husuda, lakini walichohubiri kilikuwa Kristo yuleyule. Juu ya yaliyomo ndani ya mahubiri, Paulo ana msimamo mwingine kabisa. Fungua 1 Wakorintho 15:15. Anasema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, basi wao mitume wameonekana kuwa mashahidi wa uongo juu ya Mungu, na analiona hilo kuwa jambo la kutisha. Hasemi, "Si neno, mradi watu walitiwa moyo."

Na miaka mingi kabla ya Paulo, Ayubu aliwauliza rafiki zake swali ambalo linapaswa kubandikwa ukutani mwa kila ofisi ya mchungaji. Ni Ayubu 13:7. Anawauliza kama watasema udanganyifu kwa niaba ya Mungu. Angalia, hawakuwa wanamtukana Mungu. Walikuwa wanamtetea! Mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia hao watetezi wake. Nilifundishwa hayo chuo cha Biblia, niliyafanyia mtihani, nikapita. Kisha nikayasahau kwa ajili ya picha yenye mishale myekundu.

La nne: "Kuna mtu aliyeokoka siku ile ulipohubiri." Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini hakuokolewa na midomo minane. Aliokolewa na Yesu aliyekufa akafufuka, ambaye nilimtaja dakika kumi za mwisho. Mvua ikinyesha shambani kwako siku uliyopanda mbegu vibaya, mshukuru mwenye mvua. Usijisifu kwa kupanda.

Wengine mnataka kuuliza kuhusu herufi nyingine, ile ya "haki", 義. Mmeiona: kondoo juu, "mimi" chini. Mwana-Kondoo juu yangu, na mimi nahesabiwa haki. Nayo niliipenda. Ni kweli juu yake pana kondoo, na ni kweli chini yake pana herufi inayosomwa "mimi". Lakini hiyo "mimi", ukirudi kwenye maumbo yake ya kale, ilikuwa mchoro wa silaha yenye meno, ikaazimwa kwa sababu ya sauti, kama yule paa wetu. Kwa hiyo ukitaka kuitumia, itumie kama mfano. Sema, "Wapendwa, herufi hii inanikumbusha msalaba." Hapo husemi uongo. Bwana wetu alifundisha kwa mifano: punje ya haradali, chachu, wavu wa samaki. Hakusema punje ya haradali inathibitisha ufalme wa mbinguni. Alisema ufalme umefanana nayo. Mfano unaangaza. Ushahidi unabeba mzigo. Ukiupa mfano mzigo wa ushahidi, utavunjika, na utavunjika mbele ya mtu uliyekuwa unamwombea.

Kuna jambo jingine ambalo hadithi ile ya herufi ilitunyang'anya bila sisi kujua. Ilifanya ionekane kana kwamba injili ilikuwa imelala tayari ndani ya wino wa Wachina, inangoja kuamshwa. Historia ya kweli ina jasho zaidi. Mwaka 635 mtumishi aitwaye Alopen, wa Kanisa la Mashariki, alifika Chang'an, mji mkuu wa wakati ule, baada ya safari ndefu ya nchi kavu. Tunalijua jina lake kwa sababu mwaka 781 Wakristo wa huko walisimamisha jiwe lililoandikwa habari zao, na jiwe hilo lipo hadi leo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1807, Robert Morrison alifika Guangzhou. Wakati huo sheria ilikataza mtu kumfundisha mgeni Kichina. Alijifunza kwa shida, herufi moja moja. Miaka saba ikapita kabla hajambatiza mtu wa kwanza, Cai Gao, mwaka 1814. Mwaka 1823 Biblia nzima ya Kichina aliyoitafsiri pamoja na William Milne ilikuwa imechapishwa. Mwaka 1834 alifia kulekule.

Yule bwana hakuchukua njia ya mkato. Hakufika akawaambia Wachina, "Herufi zenu zimenionyesha siri." Aliketi akajifunza lugha yao kwanza, ili aseme kweli ndani yake. Warumi 10 inauliza watu watasikiaje pasipo mhubiri. Jibu la Morrison lilikuwa miaka ishirini na saba ya maisha yake. Jibu langu lilikuwa picha niliyoisambaza kwa sekunde tatu.

Na tusiwacheke wageni kana kwamba sisi hatufanyi hivi kwa lugha yetu. Nimewahi kusikia mhubiri akipasua neno "kanisa" mara mbili: kani, yaani nguvu, na saa. "Kanisa ni nguvu za saa hii!" Watu wakapiga makofi hadi viti vikatetemeka. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, nao walilipata kwa Kiaramu, lugha ya watu wa nyumbani kwa Yesu, ambako lilimaanisha kusanyiko. Sasa niambie, kipi ni kizuri zaidi? Kile cha kubuni, au kujua kwamba kila unaposema "naenda kanisani" unasema "naenda mahali tunapokusanyika"? Nimegundua kwamba ukweli, ukiuvumilia kidogo, huhubirika kuliko uongo.

Nitawapa mfano mmoja wa mwisho, na huu mwaweza kuuhakikisha nyinyi wenyewe usiku wa leo, bila kujua Kichina.

Katika Kiebrania, neno linalotumika kwa safina ya Nuhu ni "teva". Neno hilo limo katika habari ya Nuhu, na nje ya hapo linatumika mahali pamoja tu kwa chombo cha majini: Kutoka 2, pale mama yake Musa alipomweka mtoto ndani ya kile chombo cha manyasi. Ni neno lilelile. Na waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili tuliyokua nayo waliliona. Fungua Kutoka 2:3 uone walivyokiita. Walikiita kisafina. Safina ndogo! Miaka yote hii limekaa pale kwenye Biblia yako.

Sasa linganisha. Safina ya Nuhu ilipakwa lami. Kisafina cha Musa kilipakwa lami. Maji yaliua wengi siku za Nuhu. Mto ulikuwa unaua watoto wa kiume siku za Musa. Katika habari zote mbili hutasoma habari za usukani wala tanga, kwa hiyo aliyemo ndani hawezi kujiendesha. Mmoja aliwaokoa watu wanane. Mwingine alimwokoa mtoto mmoja, na kupitia mtoto huyo taifa zima likatoka utumwani. Hapo pana mahubiri ya wiki tatu, na hakuna mtu atakayegeuza risiti ya saruji kukuonyesha kwamba umedanganya.

Kwa hiyo, familia ya Mungu, naomba tushikamane katika mambo haya matatu.

Kabla hujasambaza kitu cha ajabu kinachothibitisha Biblia, mtafute mtu anayekijua kile kitu. Kama ni Kichina, muulize anayesoma Kichina. Kama ni nyota, muulize aliyesomea nyota. Kama ni dawa, muulize daktari au muuguzi. Wamejaa humu kanisani. Waberoya walisifiwa katika Matendo 17:11 kwa kuchunguza, na waliyekuwa wanamchunguza ni Paulo.

Kijana ukijua kwamba mchungaji wako amekosea, mwambie. Njoo kwa heshima, njoo faraghani, lakini njoo. Kunyamaza kwako si utii. Kuna mtu kazini kwako atakayelipa gharama ya kosa langu.

Na sisi watumishi, tukikosea hadharani tusahihishe hadharani. Upako hautatoka. Nilidhani ungetoka.

Yule kijana alirudi kazini Jumatatu. Alimwambia msimamizi wake, "Mzee, pasta wangu amesema alikosea kuhusu ile herufi, na ulikuwa sahihi." Mzee akaacha kula. Akauliza, "Amesema mwenyewe?" Kijana akasema ndiyo, mwenyewe. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akaendelea na chakula chake. Ni hayo tu. Hajaokoka. Lakini wiki iliyopita alimuuliza kijana hiyo safina hasa ilikuwa na ukubwa gani, na kijana akamfungulia Mwanzo 6:15: mikono mia tatu, hamsini, thelathini. Mzee ni mtu wa ujenzi. Alipiga hesabu papo hapo kwenye karatasi.

Mwombeeni. Niombeeni na mimi.

Kama uliisambaza ile picha yangu, nakusihi usambaze na haya, kwenye magrupu yaleyale, kwa watu walewale.

Bwana, utusamehe tuliokutetea kwa uongo. Tufundishe kunena kweli hata pale uongo unapopigiwa makofi. Weka mlinzi kinywani mwangu, na kwenye kidole changu ninachobonyezea simu. Katika jina la Yesu, Amina.